Shingo ya Gitaa la Marehemu Baba

Akina mama wenzetu, karibu kila nyumba ina kitu kimoja ambacho ukikipeleka sokoni hupati hata nauli ya kurudia, lakini hakuna anayethubutu kukitupa. Kwa wengine ni cherehani ya bibi. Kwa wengine ni kinu kilichopasuka mdomo, au koti la mume lililotundikwa nyuma ya mlango tangu mwaka wa msiba. Kwetu sisi, dada wawili wa tumbo moja, kitu hicho ni gitaa.

Marehemu baba alilinunua mwaka 1971, na hata siku hiyo halikuwa jipya. Ni gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme, lenye tumbo la mbao na tundu la duara katikati. Karatasi yenye jina la mtengenezaji, iliyobandikwa ndani ya tumbo, ililiwa na mende tukiwa bado wadogo. Baba alipofariki mwaka 2022, mama alibaki katika nyumba yetu ya Magomeni, na gitaa likabaki kwenye msumari wake ukumbini. Ruhusa ya kulishusha alipewa mjukuu mmoja tu, kijana wa miaka 15 wa mmoja wetu, anayejifunza kupiga katika kwaya ya vijana.

Shida ilianzia kwenye shingo. Sehemu ile ya nyuma ya shingo, ambapo kidole gumba hukaa, ilikuwa imechakaa mpaka rangi yote imetoka na mbao imebaki tupu, nyeusi kwa jasho. Kaka yetu, kwa nia njema kabisa, aliona aibu wageni wa arobaini waikute hivyo. Akachukua vanishi iliyobaki kwa fundi wa makochi, akaipaka shingo nzima kwa brashi. Iling'aa kweli siku ile. Lakini kwa joto la Dar es Salaam, kila mkono ulipotoka jasho, vanishi ile ilinata kama maji ya embe. Kijana alisema mkono hauteleza, unakwama. Mwisho akaacha kulishusha, na nyumba ikawa kimya.

Tulipomwambia mama kwamba tutalipeleka kwa fundi, alikataa. "Hilo halitoki humu ndani," alisema. Tulidhani anaogopa kuibiwa. Baadaye tulitambua hofu yake hasa. Pale palipochakaa palikuwa ndipo mkono wa baba ulipokaa, na fundi mwenye msasa anaweza kupafuta kwa nusu saa.

Kariakoo, kutafuta msasa

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyetuelekeza kwa fundi mmoja mzee wa Magomeni Mikumi, anayetengeneza magitaa na makinanda kwenye baraza la nyumba yake. Kabla ya kumwona, alitutajia kwa simu vitu vya kununua: karatasi za msasa laini, namba 320, 400 na 600, spiriti chupa moja, pamba, na kipande cha kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. "Kitambaa msinunue," alisema. "Shuka kuukuu ndiyo nzuri."

Basi Jumamosi moja ya mwezi Julai tulikutana Kariakoo, mmoja akitoka Mbagala, mwingine akitoka Kimara. Msomaji ambaye hajafika Kariakoo siku nyingi ataona mabadiliko. Soko kuu lenye paa zile kubwa kama miavuli, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa katikati ya miaka ya 1970, liliungua Julai 2021, kisha likafanyiwa matengenezo makubwa. Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza, pale Waingereza walipowakusanya wapagazi wa jeshi lao, "Carrier Corps", na ulimi wa Mswahili ukalifanya kuwa jina la mahali. Wapagazi wale waliondoka, lakini watu wa kubeba mizigo hawajaisha Kariakoo. Ukisikia "Pisha, pisha!" nyuma yako, mama, pisha kwanza halafu ndipo ugeuke kuangalia.

Tulipata msasa katika duka la rangi na vifaa vya ujenzi. Kijana wa duka alituuliza kama tunajenga. Tulipomwambia ni kwa ajili ya gitaa, alicheka, kisha akatutafutia namba 600 nyuma kabisa ya rafu, maana wanunuzi wengi huishia zile za kukwangulia milango.

Tukiwa tumesimama pale tulikumbuka kwamba neno lenyewe, msasa, ni la kwetu. Ni jina la mti ambao majani yake yana ukwaruzo. Mabibi zetu waliyatumia kusugulia vyombo, na mafundi wakayatumia kulainisha mbao, miaka mingi kabla ya karatasi za dukani kuletwa. Karatasi ilipofika ikapewa jina la jani.

Kuvuka Jangwani

Kutoka Kariakoo tulipanda mwendokasi, mabasi yale yaliyoanza kazi mwaka 2016 na yenye njia yao wenyewe katikati ya Barabara ya Morogoro. Vituo ni vya kuhesabu kwa vidole: Msimbazi Polisi, Fire, Jangwani, kisha Magomeni Mapipa. Safari ni fupi, ila ukibahatika kupata dirisha utaona mengi.

Pale Jangwani mji unashuka ghafla. Ni bonde la Mto Msimbazi, ambao siku za kiangazi unaweza kudhani ni mfereji tu. Lakini mvua kubwa zikinyesha bonde hujaa, na mara nyingi katika miaka iliyopita barabara hiyo imefungwa kwa sababu ya maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi mabondeni, na baadhi yao wakapewa viwanja kule Mabwepande. Sisi tuliokulia upande wa pili wa bonde hili tulifundishwa na mama kutazama mawingu ya upande wa Pugu kabla ya kwenda mjini. Hata sasa, na nywele zetu zenye mvi, tukivuka Jangwani tunaangalia kulia na kushoto.

Magomeni imebadilika pia. Nyumba za zamani za Kota zilibomolewa, na mwezi Machi 2022 yakazinduliwa maghorofa mapya kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Lakini ukiingia mitaa ya ndani bado utaziona nyumba za aina yetu: mlango wa mbele, baraza la saruji, ukumbi mrefu wenye vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa ukumbi, uani, penye jiko, bomba na kamba za nguo. Katika mitaa hii ndipo alipoishi Mwalimu Nyerere na familia yake wakati wa kudai uhuru, na nyumba yake leo ni makumbusho. Wageni wengi hushangaa udogo wake. Sisi wa Magomeni hatushangai. Tunajua watu wangapi wanaweza kuingia uani.

Tulimkuta mama amekaa barazani, amevaa kitenge kizuri na viatu vya kutokea. Gitaa lilikuwa mapajani pake, limefungwa kwa khanga mbili.

"Mnakwenda nalo?" aliuliza.

"Ukiruhusu, mama."

"Basi nami nakwenda. Akianza kukwangua nisipopataka, narudi nalo."

Kwa fundi wa Mikumi

Fundi ni mzee wa makamo ya mama, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baraza lake lina kivuli cha mwarobaini, na ukutani zilining'inia shingo tatu za magitaa zisizo na miili. Tulimwamkia, akatuitikia, "Marahaba wanangu," kisha akamsogezea mama kigoda kabla ya kuligusa gitaa. Sisi tulipenda hilo. Fundi anayejua kumkaribisha mwenye kitu, mara nyingi hujua pia kukitunza kitu chenyewe.

Alilegeza nyuzi polepole, moja baada ya nyingine, akizipokezana, ili shingo isishtuke. Akaelekeza gitaa usoni, akafumba jicho moja na kutazama kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao. Alitueleza kwamba hakuna faida kupaka dawa shingo iliyopinda. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu kubwa mchana na usiku, na magitaa mengi ya zamani hukunjika taratibu kama mzee anayebeba kuni. Hili letu lilikuwa limenyooka. "Mbao nzuri hii," alisema. "Ni jamii ya mkangazi." Ule ubao wa mbele, ambao vidole hubonyeza nyuzi, ni mweusi na mgumu, wa aina ya mpingo. Mpingo wetu wa Lindi na Mtwara, ule wanaochongea Wamakonde, husafirishwa hadi Ulaya kutengenezea zumari za okestra. Kule Kilwa vijiji vilipata tangu mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kuvuna miti hiyo kwa utaratibu, ili isiishe.

Kisha akafanya jaribio ambalo kila mama anaweza kulijua. Alichovya pamba katika spiriti akagusa mahali padogo pa siri, karibu na shingo inapoungana na mwili, ambapo brashi ya kaka haikufika. Baada ya muda kidogo, dawa ya zamani ililainika na kuacha rangi ya asali kwenye pamba. "Ni shelaki," alisema. Akafafanua. Kama ingelainishwa na tina lakini si spiriti, ingekuwa laka. Kama isingesikia chochote, ingekuwa dawa za kisasa zinazokauka kama plastiki. Kujua iliyopo ndiko kunakoonyesha dawa ya kutumia. Na ndiyo sababu asingeweza kuitoa vanishi ya kaka kwa kumwagia kemikali kali: ingeondoka vanishi pamoja na shelaki ya chini yake, na kazi ya zaidi ya nusu karne ingepotea siku moja.

Shelaki, ndugu msomaji, hutoka kwa mdudu. Ni mdudu mdogo sana anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand, anayetoa utomvu wa kujifunikia. Watu huukwangua, huuyeyusha na kuukausha, ukawa magamba membamba ya rangi ya chungwa. Magamba hayo huyeyuka katika spiriti. Hutumika hata kung'arishia peremende na kufunika vidonge. Na santuri za zamani, zile nzito zilizovunjika kama sahani, zilitengenezwa kwa shelaki. Siti binti Saad alipotoka Unguja mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, akafungua njia kwa wanawake wa Afrika Mashariki, sauti yake ilihifadhiwa katika utomvu wa mdudu huyu huyu. Mama aliposikia hivyo alisogeza kigoda karibu zaidi.

Shingo inasema

Fundi alichukua kipande cha kioo kilichovunjika, akakishika kwa kitambaa, na kuanza kukwangua vanishi kwa makali yake, akivuta kuelekea kwake, kidogo kidogo. Maganda membamba yalitoka yakijikunja kama ya kitunguu. Hakutumia nguvu. Kila alipofika kwenye ile rangi ya asali alisimama. Ilimchukua saa moja na zaidi, na kahawa vikombe viwili. Mama hakuondoa macho.

Vanishi ilipoisha, pale palipochakaa pakaonekana upya: bonde refu la kidole gumba, laini, jeusi kidogo, kati ya freti ya kwanza na ya tatu. Freti ni vile vyuma vidogo vinavyokatiza ubao wa mbele. Fundi alipitisha kidole chake mle, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Marehemu alikuwa mtu wa ridhimu," alisema.

Tuliruka wote wawili. Hapana, mzee, baba alikuwa mpiga solo! Ndivyo alivyotusimulia maisha yetu yote. Alipiga solo katika bendi ndogo ya dansi tangu 1971, miaka ile NUTA Jazz ilipokuwa ikitikisa Dar es Salaam na Mbaraka Mwinshehe akitikisa Morogoro. Alituonyesha hata namna alivyokuwa akisimama.

Fundi hakubishana. Alitufunulia shingo tu. Mpiga solo, alisema, hupanda na kushuka, na shingo yake huchakaa katikati na kuelekea mwilini. Hii huku juu ni safi kama ilivyotoka kiwandani. Mkono huu ulikaa chini, ukashikilia mapigo yaleyale, ukawaachia wengine wapambe.

Tulimgeukia mama. Alikuwa amejifunika uso kwa upande wa khanga na mabega yanatikisika. Tukajua tumeharibu siku. Mmoja wetu alimshika mkono. Ndipo tulipogundua kwamba anacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

"Solo alipiga mwenzake," alisema alipopata pumzi. "Baba yenu alijaribu usiku mmoja tu. Watu wakarudi kukaa."

Fundi naye alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, "Katika bendi alikaa miaka mingapi, mama?"

"Mitano. Mwaka 1976 aliacha."

"Miaka mitano haichimbi hivi," alisema fundi. "Huu ni mkono wa miaka arobaini."

Mama alinyamaza. Akachukua gitaa, akaliweka mapajani, akatia kidole chake gumba katika lile bonde. Halafu alituambia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia.

Mwaka ule wa 1976 kaka yetu alizaliwa dhaifu, akawa mtoto wa hospitali. Baba alikuwa kazini mchana, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi kwenye dansi. Usiku mmoja mama alibaki peke yake na mtoto anayehema kwa shida, nasi wawili tunalia, na baba akarudi alfajiri ananukia moshi wa sigara za watu. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Chagua." Wiki iliyofuata baba alirudi jioni na gitaa begani, sare ya bendi ameirudisha. Hawakulizungumza tena. Lakini kila baba alipotusimulia habari za solo, mama aliinuka kwenda jikoni. "Nilidhani ananililia," alisema. "Miaka yote nilidhani nilimnyang'anya kitu, naye ni mpole, hasemi."

Sisi tulikuwa na kumbukumbu nyingine. Tulikumbuka miaka ya mgawo wa umeme, giza Magomeni nzima, baba amekaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapiga, na watoto wa vyumba vyote sita wamekaa kwenye mkeka. Tulikumbuka surua, baba akipiga polepole mlangoni ili tusijikune. Tulikumbuka Jumapili mchana akimfundisha kaka, yule yule mtoto wa hospitali, nyimbo za kwaya. Lakini hatukuwahi kumwambia mama mambo haya, kwa kuwa alikuwapo, tulidhani anayajua. Kumbe mtu anaweza kuwa jikoni mita tano kutoka kwenye furaha ya mumewe, asijue kwamba ni furaha.

"Kwa hiyo haya ni ya nyumbani," mama alisema, kidole kikiwa bado mle.

"Ya nyumbani, mama," alijibu fundi. "Ya dansi ni kidogo sana."

Akamrudishia gitaa. "Basi usipafute. Paondolee uchafu, pazibe jasho lisiingie. Lakini pabaki."

Kazi yenyewe

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Fundi alizungusha utepe wa karatasi kulinda ubao mweusi wa mbele. Pale pasipo dawa alipafuta upesi kwa pamba yenye spiriti kidogo, na jasho la miaka likatoka jeusi kama masizi. Alipitisha kitambaa chenye unyevu ili nyuzinyuzi za mbao zisimame, akaacha pakauke, kisha akazilaza kwa msasa namba 400, na mwisho 600, akifuata mkondo wa mbao. Hakukatisha mkondo hata mara moja. Kingo za dawa ya zamani alizilainisha ziungane na mbao tupu, hata ukipitisha mkono usijue panapoanzia.

Kisha akatengeneza kifurushi kidogo: pamba ndani, shuka letu kuukuu nje, limefungwa kama kitumbua. Akakidondoshea shelaki nyembamba, akaigonga kiganjani isizidi, akapitisha shingoni kwa mwendo mmoja mrefu bila kusimama. Ukisimama, alisema, kifurushi hung'ang'ania na kuacha kovu. Akasubiri, akapitisha tena. Tabaka nne siku ile, kila moja nyembamba kuliko karatasi ya sigara.

Tulimuuliza kwa nini alitutaka tufike saa nne asubuhi, tena mwezi wa Julai. Alisema shelaki haipendi unyevu. Ukiipaka wakati wa masika, au asubuhi mapema kabla umande haujaisha, hupata ukungu mweupe. Pwani yetu ina mvuke mwingi, hivyo kazi hii huifanya kipupwe, jua likiwa limekwisha kausha hewa.

Gitaa lililala kwake wiki nzima ili dawa ikomae. Mama alikubali bila kuombwa. Jumamosi iliyofuata fundi alipunguza mng'aro kwa sufi laini kabisa ya chuma, akapaka nta ya nyuki kidogo, akafuta, akafunga nyuzi mpya. Malipo yalikuwa madogo kuliko tulivyotarajia.

Tuliporudi nyumbani, kaka alikuwa amefika, amekaa kwa unyonge maana alijua safari yetu ilitokana na brashi yake. Mama hakumlaumu. Alimpa gitaa kabla ya kumpa chai. "Shika hapa nyuma," alimwambia. "Weka kidole. Unasikia palivyochimbika? Wewe ndiye uliyepachimba." Kisha akamsimulia mwenyewe, nasi tukatoka uani kuwaachia nafasi.

Jioni kijana alipiga. Mama alikuwa akisonga ugali. Alizima jiko, akaja kukaa kwenye mkeka.

Kwa mama mwenye gitaa nyumbani

Wasomaji wenye watoto wa kwaya huenda wana gitaa linalochakaa vivyo hivyo. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa mzee wa Mikumi:

1. Mwambie mtoto afute shingo na nyuzi kwa kitambaa kikavu kila amalizapo kupiga. Jasho ndilo linalokula dawa ya mbao na kuziozesha nyuzi.

2. Usipake vanishi ya samani shingoni. Ikiwa nzito au haijakauka vizuri, hunata kwa joto la mkono.

3. Kabla ya kutoa dawa yoyote, jaribu kwanza mahali pa siri kwa tone la spiriti.

4. Spiriti na tina hushika moto upesi. Zifanyie kazi nje, mbali na jiko la mkaa, wala usizihifadhi katika chupa ya maji ya kunywa. Spiriti hii ni sumu.

5. Matambara yenye mafuta ya mbao, hasa ya kitani, usiyakunje na kuyarundika. Yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

6. Usitundike gitaa kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana wala juu ya jiko. Gundi hulegea na mbao hupasuka.

7. Mwisho, kabla hujafuta alama yoyote kwenye kitu cha zamani, muulize mkubwa wa nyumba alama hiyo imetoka wapi. Muulize angali hai.